Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Chuo na Bodi Yake: Waambieni Vijana Wako Wapi Kwenye Orodha

Mombasa,
Agosti 2025

Kwa Mkuu wa Chuo,
Kwa Mwenyekiti na Wanachama wa Bodi ya Chuo,
Kupitia kwa Msajili.

Waheshimiwa,

KUH: VIJANA MLIOWAWEKA KWENYE ORODHA YA KUSUBIRI BILA NAMBARI, BILA TAREHE NA BILA MAELEZO

Salamu nyingi na za heshima. Nawaandikia hadharani kwa kuwa njia za faragha nimezimaliza. Barua yangu ilipokelewa masjala ikapigwa muhuri wa chuo. Barua pepe zangu zilijibiwa na mashine, ikinishukuru kwa kuwasiliana nanyi. Simu nimepiga hadi anayepokea ananijua kwa sauti, nami namjua kwa kuguna. Dirishani nimesimama. Kote huko jibu ni lile lile: subirini, mtaarifiwa.

Jina la chuo nimeliacha makusudi. Viko vyuo vingine huku Pwani vyenye mtindo huu huu, na sitaki wakuu wao wasome barua hii wakidhani ni shida ya jirani. Ninyi wenyewe mnajijua, na nakala yenye jina langu kamili, sahihi yangu na nambari ya ombi iko mezani kwenu.

Mimi ni mzazi, mkazi wa Likoni, karani katika kampuni ya klaringi bandarini. Binti yangu alifanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka 2024. Matokeo yalipotangazwa tarehe 9 Januari 2025, watahiniwa walikuwa 962,512, na waliopata alama ya C+ kwenda juu walikuwa 246,391. Yeye ni mmoja wao, Alhamdulillahi. Alitaka uuguzi, na alitaka kusomea kwenu. Sababu zake si za fahari. Hospitali mnayopeleka wanafunzi kwa mazoezi anaifika kwa feri na matatu moja, angelala nyumbani, na mimi nisingelipa hosteli. Maombi ya wanafunzi wa kujilipia mnayapokea wenyewe, kwa hiyo tuliomba kwenu moja kwa moja, tukalipa ada ya kuomba, ile isiyorudishwa.

Mwezi wa nne ukaingia ujumbe kwenye simu yake. Kwa ufupi ulisema ametimiza masharti ya kozi, lakini nafasi zimejaa. Jina lake limewekwa kwenye orodha ya kusubiri, na atapigiwa nafasi ikipatikana. Mamake aliposikia "umetimiza masharti" alipiga kigelegele hadi jirani akaja mlangoni. Binti mwenyewe hakusema kitu. Aliusoma tena, akanipa simu, akaniuliza: "Baba, mimi ni wa ngapi?"

Nilimwambia tutawauliza wenyewe. Tumeuliza.

Naomba nieleweke tangu mwanzo. Kukosa nafasi si jambo geni kwetu. Vyuo vina madarasa yenye kuta, na wanaoomba ni wengi kuliko viti. Lau ujumbe ule ungesema "hapana", binti yangu angelia siku mbili, akajifuta, akaenda zake. Malalamiko yetu yanahusu jinsi mnavyowangojesha vijana hawa, na nayapanga hapa kwa nambari ili iwe rahisi kwenu kuyajibu moja moja.

1. Hatujui tuko wapi kwenye foleni.

Huu ndio mzizi wa mengine yote. Mnasema kuna orodha, na kila orodha ina aliye juu na aliye chini. Kijana wa tatu na kijana wa mia tatu wamepokea ujumbe ule ule, neno kwa neno, na wote wawili wamelala na tumaini sawa. Wa tatu ana haki ya kungoja. Wa mia tatu ana haki ya kuambiwa ukweli mapema ashike njia nyingine. Nani ni nani mnajua ninyi peke yenu. Na mnajua kweli, kwa sababu nilipouliza dirishani karani aliigeuza skrini ya kompyuta upande wake, na kabla haijageuka niliona jedwali, na kushoto kwa kila jina palikuwa na nambari.

Kazi yangu ni ya bandarini, basi niruhusuni niseme kwa lugha ya kazi yangu. Meli ikifika Mombasa ikakuta gati zina meli, hutia nanga nje ikangoja. Hakuna anayeona ajabu. Lakini Mamlaka ya Bandari hutoa orodha ya meli zinazotarajiwa kwa siku 14, na wakala wa kila meli anajua iliyo mbele yake ni ipi, imebeba nini, na gati inatazamiwa kuwa wazi lini. Tarehe husogea. Mvua hunyesha, kreni huharibika, meli ya mbele huchelewa kumaliza kupakua. Ikisogea, hutolewa orodha nyingine. Sijapata kuona nahodha akiambiwa "utaarifiwa" kisha akaachwa aelee. Ngano na magari ya mitumba yanapewa heshima hiyo kila siku, na naona si makuu kuwaombea watoto wa watu.

2. Kungoja kwenyewe hakuna mwisho, na kuna gharama.

Baada ya ujumbe wenu, chuo kingine kilimkubali binti yangu kusomea diploma ya sayansi ya maabara. Kilimpa barua yenye tarehe: alipe Sh15,000 za kushikilia nafasi kabla ya Ijumaa fulani, na pesa hizo hazirudi. Tulikaa sebuleni tukapiga hesabu. Tukilipa, kisha ninyi mkapiga simu wiki inayofuata, zimekwenda. Tusipolipa, na ninyi msipige, umekwenda mwaka. Nilikuja kwenu nikauliza swali jepesi: orodha yenu inafungwa lini? Niliambiwa haina tarehe ya kufungwa; pengine muhula ukianza, pengine wiki mbili baadaye, inategemea.

Inategemea nini? Hakuna aliyesema.

Mwenye nacho hili halimsumbui. Hulipa huku na huku akalala usingizi. Wa Likoni na Kisauni hawezi kulipa vyuo viwili ili aende kimoja. Kwa hiyo orodha isiyo na tarehe inachuja watu hata kama hamkukusudia: atakayebaki kwenye foleni hadi dakika ya mwisho ni yule anayeweza kumudu kupoteza. Mkimpigia simu Septemba mkakuta yuko tayari, mtasema alikuwa na nia. Huenda alikuwa na nia. Lililo hakika ni kwamba alikuwa na pesa.

Kisha kuna basari. Fomu ya basari ya CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, ina mahali pa kujazwa na chuo na kupigwa muhuri. Basari ya kaunti vilevile inataka barua ya kukubaliwa na orodha ya karo. Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, hauombwi kwa kuonyesha ujumbe wa simu. Aliye kwenye orodha yenu si wenu na si wa wengine, hana barua yenye muhuri, na wakati yeye anangoja, madirisha ya basari yanafunguliwa na kufungwa. Maana yake ni kwamba hata mkimwita mwishoni, mnamwita akiwa hana mfadhili, kwa notisi ya siku chache, na karo ya muhula mzima mnaitaka mkononi. Nimeambiwa na wazazi wenzangu kwamba wapo walioitwa namna hiyo wakashindwa kuja. Kwenye vitabu vyenu hao nadhani wameandikwa "hakuripoti".

Na kuna gharama isiyo na risiti. Binti yangu alipata kazi ya mapokezi kwenye hoteli Mtwapa, akaikataa, maana hakujua ataitwa lini. Sasa anasaidia kwenye duka la M-Pesa la mjombake. Simu yake haizimwi. Ikilia nambari asiyoijua, anamwacha mteja na pesa zake kaunta, anatoka hadi barazani kusikiliza, na mara nyingi huwa ni watu wa kuuza mikopo. Viatu vyeusi vya uuguzi, vya ngozi, visigino vifupi kama vilivyoandikwa kwenye orodha yenu ya mahitaji, alivinunua mapema kwa sababu vilikuwa vimepunguzwa bei. Hajavivaa. Viko ndani ya boksi lake na risiti imekunjwa ndani ya kiatu cha kushoto, ili vikihitaji kurudishwa dukani virudi.

Wazee wa barazani nao, Mungu awape umri, kila alasiri huuliza: "Mwanao ashaingia chuo?" Ukisema kakosa watakupa pole, ukisema kapata watakupa hongera. Ukisema yuko kwenye orodha wanatazamana, kisha mmoja anauliza kama umeshamwona mtu.

3. Hatujui anayeitwa anaitwa kwa kigezo gani.

Na hilo la "kumwona mtu" ndilo linalonileta hapa. Nafasi moja ikitokea, nani anapigiwa? Mwenye alama za juu zaidi? Aliyeomba mwanzo? Anayetoka mbali? Anayeweza kulipa leo? Nimesoma tovuti yenu kutoka juu hadi chini; ina picha nzuri za mahafali, na juu ya hili haina hata mstari mmoja. Binti yangu aliwaandikia kwamba bado anakitaka chuo chenu kuliko vingine, akaambatisha cheti cha huduma ya kwanza alichokipata baada ya mtihani. Hakuambiwa kama cheti kinaongeza kitu, wala kama kilifunguliwa.

Mahali pasipo na kanuni hujaa mabroka. Mtu ambaye simjui alinipigia, akataja jina la binti yangu na kozi aliyoiomba, akasema kwa "kitu kidogo" jina linaweza kusukumwa juu. Simtuhumu mfanyakazi wenu yeyote, kwa kuwa sina ushahidi wa alikoyapata majina. Lakini natambua kwamba mtu huyo ana biashara kwa sababu moja tu, kwamba mimi siwezi kuona lilipo jina. Lau ningejua binti yangu ni wa arobaini, na kwamba wanaoitwa huwa kama kumi, broka angeniuzia nini?

4. Tuliuliza kwa Kiswahili tukaambiwa tuulize upya.

Barua yangu ilipofika, nilipigiwa simu nikaambiwa niiandike tena kwa Kiingereza ndipo ishughulikiwe. Sikuiandika tena. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, kifungu cha 8, inasema ombi la habari litaandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kifungu cha 9 kinawapa siku 21 za kutoa uamuzi, na siku hizo zimepita. Sheria hiyo imetoka kwenye Kifungu cha 35 cha Katiba, kinachompa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na chuo chenu kinaendeshwa kwa kodi. Kifungu cha 47 kinaongeza kwamba mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa kiutawala anastahili kupewa sababu kwa maandishi. Ujumbe wa simu wa mistari mitatu hauna sababu ndani yake.

Sikuwa nimepanga kuwatajia vifungu. Nilikuja kama mzazi, nikauliza kama mzazi.

5. Dirisha.

Kwenye kioo cha ofisi ya usajili mmebandika karatasi kwa selotepu: "Maswali kuhusu orodha ya kusubiri hayajibiwi hapa." Haisemi yanajibiwa wapi.

Waheshimiwa, nimekaa na karatasi na kalamu nikajaribu kufikiri mtakavyonijibu, maana nyuma ya kila utaratibu kuna mtu mwenye kazi nyingi, na sitaki kuwadhulumu.

Mtasema idadi ya wanafunzi wa uuguzi hamuipangi peke yenu. Lipo Baraza la Wauguzi la Kenya, linaloidhinisha vyuo na kuangalia kama walimu na vifaa vinatosha wanafunzi waliomo. Ni kweli, na ni vizuri liwe hivyo. Sitaki muuguzi atakayenidunga sindano awe alijifunza kwa kuchungulia juu ya mabega ya wenzake. Lakini jibu hilo linanipa nguvu mimi. Ikiwa idadi ina kikomo kinachojulikana, basi viti vinahesabika, waliothibitisha wanahesabika, na pengo lililobaki linahesabika. Sikuomba mwongeze kiti.

Mtasema nambari hubadilika, leo mtu ni wa ishirini kesho ni wa kumi na nne, na wazazi watawasumbua. Wazazi tunawasumbua sasa hivi. Mtu mwenye nambari hana haja ya kuvuka feri kuja kuuliza.

Mtasema kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, hamwezi kutoa majina ya watu. Hakuna aliyeomba majina. Kila mmoja apewe nambari yake mwenyewe kwenye simu yake mwenyewe. Data ya binti yangu kuhusu binti yangu inafichwa kwa nani, ikiwa broka anayo?

Mtasema ndivyo vyuo vinavyofanya duniani. Hapo nawapinga, kwanza kwa mfano wa nyumbani. KUCCPS, wanaowapanga wanafunzi vyuoni kwa niaba ya serikali, huonyesha kwenye tovuti yao alama za mwisho zilizoingiza watu katika kozi miaka iliyotangulia. Duru ya kwanza ikiisha, waliokosa hufunguliwa nafasi ya kuomba tena wakiona kozi zenye viti vilivyobaki. Kijana anaweza kukasirika na KUCCPS, na wengi hukasirika, lakini anakasirika akiwa na kitu mbele ya macho yake.

Nenda mbali zaidi, Marekani, ambako mtindo wa orodha ya kusubiri umeenea kuliko pengine popote. Huko waliokubaliwa kwa kawaida huwa na hadi tarehe 1 Mei kujibu, na ndipo vyuo vinapojua viti vilivyobaki na kuanza kuwaita waliongoja. Kijana huulizwa kama anataka kubaki kwenye orodha au la, haingizwi tu. Vyuo vingi hujaza fomu ya pamoja iitwayo Common Data Set na kuiweka wazi, na ndani yake huulizwa mambo matatu: ni wangapi walipewa nafasi kwenye orodha ya kusubiri, ni wangapi walikubali kungoja, na ni wangapi hatimaye waliingizwa. Huulizwa pia kama orodha hiyo ina mpangilio wa nambari. Mwaka mmoja wanaingizwa wengi, mwaka mwingine hakuna hata mmoja, na kijana akiyatazama hayo anajua kwamba busara ni kushika nafasi aliyonayo kwingine na kuiacha hii iwe bahati. Sisemi Marekani ni Makka ya elimu. Nasema walioubuni mtindo huu, au angalau walioukuza, wanatoa takwimu zake, na ninyi mmechukua mtindo mkaziacha takwimu.

Lipo jibu moja ambalo hamtalisema kwa sauti. Kwamba mkiwaambia vijana ukweli, wataondoka, na ninyi mnawahitaji wawepo endapo waliokubaliwa watakimbilia kwingine. Hili nalielewa kabisa. Chuo kinaogopa kiti kitupu, kwa sababu kiti kitupu ni karo isiyoingia. Lakini hofu hiyo ni yenu. Mmeichukua mkampa mtoto wa miaka kumi na minane aibebe, bila kumwambia, na bila kumlipa nauli.

Tunachoomba hakihitaji bajeti wala mtaalamu kutoka Nairobi.

Kabla muhula wa Septemba haujafunguliwa, kila aliye kwenye orodha aandikiwe nambari yake, na aulizwe kama bado anataka kungoja. Wengi watasema hapana, na orodha yenu itapungua usiku mmoja. Tajeni siku ambayo orodha inakufa, na siku hiyo ikifika mseme imekufa. Msimwache mtu hadi Januari akiitazama simu. Wekeni kwenye tovuti, na kwenye ule ubao wenu wenye kioo, namna anayefuata anavyochaguliwa, pamoja na takwimu tatu za mwaka jana: waliowekwa, waliokubali kungoja, walioingia. Takwimu zikiwa za aibu, wekeni hivyo hivyo.

Atakayeitwa mumpe siku za kutosha kutafuta karo na barua yenye muhuri ya kupeleka kwenye basari. Naona siku kumi na nne ni chache lakini zinaweza kutosha. Mteueni mtu mmoja wa kujibu maswali ya orodha, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na jina la cheo chake liandikwe kwenye karatasi ile ya dirishani badala ya maneno yaliyopo. Kuhusu mabroka, tangazeni wazi kwamba hakuna malipo ya kupandisha jina, na mchunguze majina na kozi za waombaji vinatokaje nje ya ofisi yenu. Nambari iliyonipigia nimeihifadhi na niko tayari kuwakabidhi.

Nikikosa jibu la maandishi kufikia siku ya kufunguliwa muhula, nitawasilisha malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana na wengi kama Ombudsman, ambayo ndiyo inayosimamia Sheria ya Kupata Habari. Wazazi wengine tuliokutana pale nje ya dirisha lenu wamesema watatia sahihi zao chini ya yangu. Sisemi haya kwa kutishia. Nayasema ili msije mkashangaa.

Limebaki jambo la utaratibu. Tulilipa zile Sh15,000. Binti yangu ataanza maabara mwezi ujao, na ameshakubali, ingawa viatu hajavirudisha. Tangu aamue, tumetafuta njia ya kuliondoa jina lake kwenye orodha yenu hatujaipata. Tovuti ina kitufe cha kuomba, haina cha kujiondoa. Dirishani tumeambiwa fomu ya namna hiyo haipo, na tukashauriwa tuliache tu. Kwa hiyo mpaka ninapoandika haya, jina lake limekaa mbele ya mtoto wa mtu mwingine ambaye hajui kwamba aliye mbele yake ameshaondoka, na sijui majina mangapi mengine yamekaa hivyo.

Liondoeni. Nambari ya ombi iko juu ya nakala mliyonayo. Kisha aliye chini yake apigiwe simu leo, aambiwe amesogea hatua moja, na aambiwe sasa ni wa ngapi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mzazi, Likoni, Mombasa.

Nakala:
Tume ya Haki ya Utawala
Wazazi na walezi wa walio kwenye orodha